Mama naye aangaliwe baada ya kujifungua

Ndugu Mhariri,

Inanisikitisha namna tunavyomsahau mzazi mara tu mtoto anapotoa kilio. Kliniki tunakwenda, lakini anayepimwa ni mtoto. Mama huulizwa kama ananyonyesha, basi.

Aliyezaa kwa operesheni anaweza kubaki na maumivu ya mshono, na mimba inayofuata kondo la nyuma linaweza kujishika kwenye kovu na kumtoa damu nyingi. Huku kwetu Wete bado wapo wanaomkanda tumbo kwa maji ya moto na kidonda kibichi! Aliyezaa kwa njia ya kawaida naye ana yake: msamba kuchanika, kizazi kushuka, mkojo kumtoka akikohoa au akiinua ndoo. Hili la mkojo linawatesa wengi kimyakimya, maana udhu haukai, na mwanamke huona haya hata kumwambia mumewe. Mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga husaidia sana, lakini nani anawafundisha?

Na moyo je? Aliyekimbizwa ghafla chumba cha upasuaji, au aliyepita uchungu mrefu wa kutisha, anaweza kukosa usingizi na kulia miezi mizima. Sisi tunasema ana shetani. Ni maradhi, na yanatibika.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama aendelee kuonwa hadi wiki ya 6. Naiomba Wizara ya Afya Zanzibar iwaelekeze wakunga wamuulize kila mama, faraghani, kuhusu mshono, mkojo na usingizi wake.

Mama wa watoto wanne,
Wete, Pemba