Barua ya Wazi kwa Waziri wa Leba Kuhusu Kumbi Zinazofanya Kazi Usiku

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, ninakuandikia nikiwa mmoja wa Wakenya waliowahi kuajiriwa na kampuni za teknolojia jijini Nairobi ili kuchuja maudhui ya mitandao ya kijamii kwa niaba ya makampuni ya ng'ambo. Kampuni iliyoniajiri sitaitaja, kwanza kwa sababu nilitia sahihi mkataba wa usiri ambao hadi leo sijapewa nakala yake, na pili kwa sababu ombi langu haliihusu kampuni moja. Ninaomba maafisa wako wa leba, pamoja na wale wa usalama na afya kazini, waingie katika kumbi ambamo kazi hiyo hufanywa bila kutoa taarifa, na waingie usiku, wakati kazi imepamba moto.

Mengi yaliyoandikwa kuhusu kazi hii yanazungumzia picha na video tunazotazama, na ni haki yaandikwe. Hata hivyo, waliokalia viti vile watakueleza kwamba sehemu kubwa ya madhara hutokana na namna tunavyosimamiwa. Video ya mtu anayeuawa itamuumiza yeyote anayeitazama, lakini kinachoamua ataamkaje kesho yake ni kile kinachofuata papo hapo: kama ataruhusiwa kusimama, kutoka nje, kunywa maji na kuzungumza na mtu, au kama tiketi inayofuata, yaani video au picha nyingine ya kuamuliwa, itafunguka kabla hajavuta pumzi.

Niruhusu nikueleze jinsi jambo hili linavyoendeshwa, kwa kuwa sidhani limewahi kufika mezani pako. Juu ya skrini ya kila mchujaji palikuwa na kisanduku cha hali, nawe ulitakiwa kuchagua mojawapo: kazini, chakula, mafunzo, choo, ustawi. Kila hali ilikuwa na saa yake, na saa hizo zote zilionekana kwenye jedwali la kiongozi wa timu aliyeketi mwisho wa safu. Tiketi ilipofunguka, sekunde zilianza kuhesabiwa. Ukikawia kuamua kama maudhui yabaki au yaondolewe, jina lako liligeuka rangi, na likigeuka rangi mara nyingi uliitwa kujieleza. Hali ya ustawi ndiyo uliyoibonyeza ukitaka kwenda kumwona mshauri nasaha. Kwa nje ni utaratibu mzuri, na bila shaka ndio wageni wanaotembezwa mchana huonyeshwa.

Usiku mmoja mwenzangu, aliyekuwa akichuja maudhui ya lugha ya kwao, alikutana na video iliyopigwa katika mji aliozaliwa. Alinyanyuka bila kubonyeza chochote, akaenda kukaa kwenye ngazi. Kiongozi wa timu alimfuata baada ya dakika chache, akainama, akamwambia kwa sauti ya upole kabisa, "Dada, umesimama lakini mfumo unaonyesha bado uko kazini. Nikuwekee choo ama ustawi?" Mwenzangu alijibu, "Weka choo." Sisi sote tuliokuwa karibu tulielewa kwa nini. Dakika za choo zilisahaulika zamu ilipoisha. Dakika za ustawi ziliingia katika ripoti ya mwezi, na ripoti hiyo ndiyo iliyowekwa mezani mkataba wako ulipokaribia kwisha.

Simlaumu sana kiongozi yule wa timu. Naye alikuwa na jedwali lake lililotazamwa na meneja, na meneja alikuwa na la kwake lililotazamwa na mteja aliye mbali. Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko yangu: kampuni hizi zimejenga utawala ambamo hakuna mtu mmoja anayekuamuru uendelee kutazama mauaji huku ukitetemeka, lakini kila mtu ana takwimu zitakazoharibika ukiacha. Katika utawala wa namna hiyo, hata mtu mwema hugeuka mnyapara bila kujijua.

Afisa wako akifika, Mheshimiwa Waziri, asianze na meneja wala na chumba cha mapumziko chenye mito ya rangi. Aombe kumbukumbu za hali hizo kwa mwezi mzima, kisha awaulize wafanyakazi, mmoja mmoja na mbali na wakubwa wao, zinamaanisha nini. Mamlaka ya kufanya hivyo anayo tayari, kwa kuwa Sheria ya Taasisi za Leba ya mwaka 2007 inamruhusu afisa wa leba kuingia mahali pa kazi bila kutoa taarifa, iwe mchana au usiku. Nayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huohuo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuunda kamati ya usalama na afya. Muda wote niliokaa pale sikuwahi kuambiwa kamati hiyo hukutana lini, wala nani anatuwakilisha. Tulichoelezwa kwa kina ni jinsi ya kutoka jengoni moto ukizuka.

Kuhusu washauri nasaha nitasema machache. Waliajiriwa na kampuni ileile, na hatukuwahi kuhakikishiwa kwamba tunayowaambia hayafiki idara ya rasilimali watu. Mtu anayeogopa kupoteza kazi hawezi kumfungulia moyo mtu anayelipwa na yule anayemwogopa. Wengi wetu tulikwenda, tukasema tuko sawa, tukarudi kwenye foleni ya tiketi.

Hofu hiyo ilikuwa nzito zaidi kwa wenzetu waliotoka nje ya Kenya. Kazi hii huajiri watu kwa lugha zao, ndiyo maana katika ukumbi mmoja utamkuta Mhabeshi, Msomali, Mganda na Mzulu. Kibali chao cha kufanya kazi nchini kimefungamana na mwajiri, hivyo anayeachishwa kazi hupoteza mshahara na pia haki ya kuendelea kukaa hapa. Wapo ambao kwao kulikuwa na vita. Mtu wa namna hiyo hatakuja Bishops Road kuandikisha malalamiko kwenye ofisi yako. Ni ofisi yako inayopaswa kumfuata alipo. Suala la vibali liko chini ya idara nyingine ya serikali, ninalifahamu hilo, lakini Baraza la Mawaziri ni moja.

Jambo la chama cha wafanyakazi nalo halikwepeki. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama cha wafanyakazi, kujiunga nacho na kugoma. Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyekuja Nairobi kufanya kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook kupitia kampuni ya Sama, alifutwa kazi mwaka 2019 baada ya kuwaongoza wenzake kudai hali bora, na Mei 2022 akawasilisha kesi dhidi ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook, na Sama katika Mahakama ya Ajira na Masuala ya Leba. Kampuni hizo zilipinga madai yake. Siku ya Wafanyakazi ya mwaka 2023, wachujaji zaidi ya 150 walikutana jijini Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Nilikotoka mimi, neno chama lilijibiwa kwa tabasamu: afisa wa rasilimali watu alituambia kwamba sisi ni familia, na familia haihitaji kadi ya uanachama. Wiki zilizofuata, waliouliza maswali walijikuta wametawanywa katika zamu tofauti. Hakuna aliyetishwa kwa maandishi, na ndiyo sababu malalamiko ya aina hii huwa magumu kuthibitisha pasipo mkaguzi kutoka nje.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi ni kule kutupiana mpira kuhusu nani hasa ni mwajiri. Ukimlalamikia meneja, atakwambia viwango vimewekwa na mteja. Mteja ukimfikia, kama utamfikia, atakwambia hakukuajiri. Mapema mwaka 2023 Sama ilitangaza kuachana na kazi ya kuchuja maudhui, na wafanyakazi wapatao 260 wakaambiwa nafasi zao zimeisha. Wengi wao, zaidi ya 180, walikwenda mahakamani. Juni mwaka huo Jaji Byram Ongaya, katika uamuzi wa awali, alisema kwamba Meta ndiyo mwajiri mkuu wa wachujaji wale, kwa kuwa kazi ilikuwa yake na ilifanywa katika mifumo yake, akaagiza pia wapatiwe huduma za matibabu na za afya ya akili. Mazungumzo ya maridhiano yaliyofuata yalivunjika Oktoba. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja ya Meta kwamba haiwezi kushtakiwa nchini Kenya. Kwa sisi tuliowahi kuulizwa "kwani wewe umeajiriwa na nani?" tukakosa jibu, maamuzi hayo yalikuwa na uzito ambao pengine mawakili wenyewe hawakuuona.

Mwishoni mwa mwaka 2024 Mahakama ya Ajira na Masuala ya Leba ilipokea ripoti ya daktari bingwa wa magonjwa ya akili wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, aliyewachunguza zaidi ya wachujaji 140 waliowahi kufanya kazi hiyo na kuwakuta na maradhi yatokanayo na kiwewe, wengi wao kwa kiwango kikali. Madhara ya aina hii hayakugunduliwa Nairobi. Mwaka 2020, huko Marekani, Facebook ilikubali kulipa dola milioni 52 kumaliza kesi iliyofunguliwa California na wachujaji wa huko, ambao nao wengi waliajiriwa kupitia makampuni ya kati. Mchujaji wa kule aliweza kutibiwa kwa fedha za suluhu hiyo. Mchujaji wa Embakasi anayeamka usiku akipiga mayowe hutibiwa kwa michango ya jamaa, kama atatibiwa. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini tunayo tangu 2007. Ninaomba Wizara itangaze bayana kwamba kiwewe kilichotokana na kazi kinahesabiwa kuwa ugonjwa wa kazini, ili mfanyakazi asihitaji kesi ya miaka kadhaa ndipo apate dawa.

Ninaomba pia utazame barua zinazokufikia. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kumjulisha afisa wa leba angalau mwezi mmoja kabla, kueleza sababu na ukubwa wa upunguzaji huo, na kumlipa kila mfanyakazi malipo ya kuachishwa yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Maana yake ni kwamba kabla ya ukumbi mzima kufungwa, barua inapaswa kuwa imeshafika katika ofisi yako. Ningependa kujua afisa anayeipokea hufanya nini nayo, zaidi ya kuipiga muhuri.

Ninaelewa hoja ya upande wa pili. Vijana hawana kazi, na Serikali imewekeza katika ajira za kidijitali kwa miaka mingi sasa. Wapo wanaohofu kwamba tukipiga kelele, kazi zitahamia Accra au Manila. Nililipiwa kodi ya nyumba na mshahara ule, kwa hiyo siidharau hoja hiyo. Lakini kazi inayomwacha kijana wa miaka 25 akiwa hawezi kukaa kwenye chumba chenye watu haijapunguza ukosefu wa ajira. Imeuahirisha tu, na gharama yake ikabebeshwa mama mzazi kijijini.

Ndiyo maana yaliyopelekwa Seneti mwaka 2024, katika Muswada wa Marekebisho ya Sheria za Biashara, yalitushtua. Muswada huo ulipendekeza kwamba kampuni ya ng'ambo inayotoa kazi kwa kampuni ya hapa isibebe dhima ya mwajiri kwa wafanyakazi wanaoifanya kazi hiyo. Pendekezo la namna hiyo likipita, lile ambalo mahakama zetu zimekataa kuwapa makampuni makubwa, watapewa na Bunge. Mwenye kuweka viwango, mwenye mfumo, mwenye kuona kila sekunde ya mchujaji, atakuwa mgeni asiyehusika. Na kampuni ya hapa, ambayo inaweza kufungwa kwa barua moja ya mteja, ndiyo itakayoachiwa deni lote.

Wizara yako ndiyo mlinzi wa Sheria ya Ajira, na kimya chake katika suala hili kitachukuliwa kuwa idhini. Ninaomba, Mheshimiwa Waziri, utoe kwa maandishi msimamo wa Wizara kuhusu dhima ya makampuni yanayotoa kazi, uuwasilishe Bungeni kabla pendekezo lolote la aina hii halijapigiwa kura, na uuchapishe pamoja na matokeo ya ukaguzi niliouomba, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Wako mwaminifu,

Aliyekuwa mchujaji maudhui,
Nairobi.

Nakala: Kamishna wa Leba, Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini.