Llewyn Davis hakuwa mvivu

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka na miaka bila kuwaandikia, ila ule uhakiki wenu wa filamu ya Inside Llewyn Davis umenikaa kooni. Eti mwanamuziki yule ni mvivu anayehamahama kwenye makochi ya watu! Mhakiki wenu aliitazama au alisinzia?

Katika filamu hiyo ya mwaka 2013 ya ndugu Joel na Ethan Coen, Llewyn anaimba kwenye vilabu vya Greenwich Village, New York, mwaka 1961. Anasafiri hadi Chicago kwenye baridi kali kumwimbia mwenye klabu, anaambiwa uimbaji wake hauonekani kuleta pesa. Anaamua kurudi kwenye ubaharia, analipa malimbikizo ya ada ya chama cha mabaharia, kumbe dada yake keshatupa leseni yake, na hela ya kupata nyingine hana. Huyo ndiye mvivu? Hata pale studio anapochukua taslimu na kuacha mrabaha, ule mgawo wa mapato ya wimbo ya baadaye, mwenye mshahara wa kila mwezi atamcheka. Mwenye shida ya leo hangoji mrabaha.

Mimi ni mpiga gitaa. Niliwahi kuitwa kwenye hafla ya watu wenye uwezo wao. Mpishi alilipwa. Mpiga picha alilipwa. Nilipoulizia changu nikaambiwa nishukuru, nimepata nafasi ya kujitangaza. Nijitangaze kwa nani, na wageni walinipa mgongo usiku kucha wakigombea nyama? Mwenye viti alivihesabu, akavipakia, akaondoka navyo pamoja na malipo yake. Mimi nyimbo nilizopiga ningezikusanyaje? Halafu mtu akinikuta nimelala kwa rafiki, aandike gazetini kwamba sipendi kazi!

Na kumbi za sinema nazo zina yao. Hadithi ikiisha tu, taa zinawashwa na mafagio yanaingia, majina ya wanamuziki yangali yanapita. Oscar Isaac, aliyemwigiza Llewyn, aliimba na kupiga gitaa mwenyewe mbele ya kamera, muziki ukasimamiwa na T Bone Burnett; nani alibaki kulisoma jina hilo? Kwenye televisheni ndiyo kabisa, majina yanakimbizwa hadi hayasomeki hata kwa miwani.

Napendekeza makala tatu zijazo za mhakiki wenu zilipwe kwa kujitangaza. Lichapeni jina lake kwa herufi nene, na picha yake muiweke. Mwisho wa mwezi akamwoneshe mwenye nyumba wake.

Msomaji wenu, mpiga gitaa