Simba Wako Nimemrudisha

Mwanangu kipenzi,

Jana uliponiambia, "Mama, hili bango si langu tena," nilijifanya sijasikia. Nilisikia.

Ulinijia na simba wako wa kalamu za nta, mwenye masharubu matatu upande mmoja na upande wa pili hana hata moja, ukaniomba jambo dogo: nimkuze atoshe kwenye bango la mchezo wenu wa kuigiza. Kazi ya dakika kumi. Mimi nikakesha naye. Nikamnyoosha mgongo, nikamjazia masharubu, nikambadilisha rangi. Mkono uliozoea kuchorea wateja una kiherehere. Kulipokucha nilikuwa na simba mzuri ambaye nimeshamchora mara ishirini.

Basi huyo wangu nimemfuta. Karatasi yako bado ninayo. Nimeiskani upya kwa nukta 600 kwa kila inchi, ili nikimkuza simba mara mbili zibaki 300, ndipo achapike bila ukungu. Sijamgusa. Hata ile alama ya kidole chako mkiani ipo. (Ulikuwa unakula nini?)

Ila rangi ya chungwa ikitoka imefifia, usinilaumu. Kwenye skrini unaona mwanga. Kwenye karatasi ni wino wa samawati, majenta, njano na mweusi unaochanganywa, na rangi ya chungwa kali kama yako huwa unashindwa kuifikia.

Yangu yatakuwa haya: pembezoni nimeacha milimita 3 za ziada, kisu cha kukatia kisije kikaacha mstari mweupe. Na herufi za jina la mchezo lazima ziwe kubwa. Sisi hukadiria sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali, na kutoka mlango wa ukumbi hadi ukutani nilihesabu kama mita 6. Kwa hiyo ziwe sentimita 5, na uziandike wewe kwa mkono wako kabla hujalala. Nimekupigia mistari ya penseli tu.

Mwalimu ameuliza kama nitawatengenezea na kadi za mwaliko. Nimemwambia akuulize wewe kwanza.

Limebaki moja. Kwenye jina la mchezo ulivyoliandika kwenye karatasi yako, ile S uliigeuza makusudi au ilikuponyoka? Niandikie jibu nyuma ya barua hii kabla hujalala. Faili linakwenda kuchapwa kesho asubuhi, na hiyo S mimi sitaigusa.

Mama yako