Visa ya kutoka si moja, ni mbili

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wenzangu wanaofanya kazi za nyumbani Saudia yaliyonikuta, kabla nao hayajawakuta.

Nilifanya kazi Dammam miaka miwili, nikakubali kuongeza mkataba, nikaomba likizo nije nimwone mamangu Kisauni. Siku mbili kabla ya safari, bosi akanitumia kwa WhatsApp picha ya skrini ya simu yake: visa imetoka. Mimi nimesoma chuo cha Kurani, herufi za Kiarabu nazijua. Lakini msahafu una irabu, na picha ile haikuwa na irabu hata moja. Nikalisoma neno la kwanza, khuruj, kutoka, moyo ukatulia. La pili sikulijali.

Miezi miwili baadaye, kwenye kaunta ya uwanja wa ndege wa Moi, binti aliyekagua karatasi zangu akaniambia sina visa ya kuingilia. Nikatoa simu, nikaikuza ile picha kwa vidole. Nun, ha, alif, hamza, ya. Nihai. Yaani kutoka moja kwa moja, bila kurudi. Ile ya kwenda na kurudi huandikwa khuruj wa awda. Iqama, kibali changu cha ukaazi, nilikuwa nayo mfukoni, lakini ilikufa siku ile niliyotoka Dammam. Sanduku langu liko kule chini ya kitanda, na mshahara wa mwezi wa mwisho niliambiwa nitaukuta nikirudi. Ajenti ananiambia nianze upya: mkataba, vipimo vya hospitali, visa.

Visa ya kwenda na kurudi hulipiwa riali 200 kwa miezi miwili. Nihai haina ada. Sitaki kumsingizia mtu, ila hesabu hiyo nimeipiga usiku mwingi.

Tangu tarehe 14 Machi 2021 wafanyakazi wa makampuni wanajiombea visa ya kwenda na kurudi wenyewe kwenye Absher, mtandao wa serikali ya Saudia, bila ridhaa ya mwajiri. Sisi wa majumbani, pamoja na madereva wa nyumba na watunza bustani, tuliachwa nje. Yetu huombwa kwenye akaunti ya bosi, na atakachobonyeza yeye ndicho tutakachosafiria.

Naiomba Wizara ya Leba. Katika mafunzo ya kabla ya safari tulifundishwa mashine ya kufua na kupiga pasi kanzu, na yalitufaa. Iongezwe nusu saa tu: maneno haya mawili yaandikwe ubaoni kwa Kiarabu kisicho na irabu, kila msichana ayasome mpaka ayazoee. Na ajenti alazimishwe kuikagua visa ya likizo mtu akiwa bado kule, maana ukishavuka haibadilishwi.

Jirani yangu anaenda Riyadh mwezi ujao. Yeye hakusoma chuoni. Nimemwandikia nihai na awda kwenye kikaratasi, nikakitia ndani ya kava ya pasipoti yake, na kila baada ya Magharibi huja barazani kwetu nikamsomesha.

Aliyerudi likizo,
Kisauni, Mombasa