Nyuzi za programu yenu zipewe majina

Chama cha Ushirika wa Wafugaji,
Njoro, Kaunti ya Nakuru.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Bwana/Bibi,

KUH: NYUZI ZISIZO NA MAJINA KATIKA PROGRAMU YA KUPOKEA MAZIWA

Mimi ndiye ninayetunza seva ya chama chetu. Jumanne iliyopita, saa kumi na moja na nusu alfajiri, mizani iliacha kutuma kilo. Wakulima walikuwa wameshapanga foleni, mikebe chini, karani akibonyeza kitufe kilekile bila jibu.

Nikafungua top -H, amri ya Linux inayoonyesha kila uzi (thread), yaani kila kazi inayoendeshwa sambamba ndani ya programu. Uzi mmoja ulikuwa unakula asilimia 99 ya CPU. Ni upi? Mbele yangu palikuwa na mistari 26, yote ina jina moja, la programu yenu. Uzi wa mizani, wa malipo, wa kutuma SMS, wote mapacha. Ilinibidi nizime programu nzima na kuiwasha upya, na vipimo ambavyo havijahifadhiwa vikapotea. Mama mmoja hakuwa na cha kupimiwa tena. Maziwa yake yalikuwa yameshamiminwa kwenye tangi. Tuliandika kilo zake kwa kukumbuka. Alikubali, lakini hesabu ya mtu haiwekwi hivyo.

Nilipopiga simu, fundi wenu aliniambia majina yapo, niangalie kwenye logi, faili ambalo programu huandikia matukio yake. Yapo kweli, ila programu inayajua peke yake. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi wa seva, haijaambiwa. Uzi mpya hurithi jina la uzi uliouanzisha, na usipopewa lake utabaki na hilo hilo. Zana za ukaguzi kama top, htop na ps husoma kile kerneli inachojua, basi. Kinachotakiwa ni kila uzi unapoanza upewe jina kwa pthread_setname_np, wito unaoiambia kerneli jina la uzi. Ni mstari mmoja wa msimbo.

Tafadhali msiweke jina la bidhaa mwanzoni. Linux inaruhusu herufi 15 tu. Mkiandika "mfumo-maziwa-mizani", pthread_setname_np italikataa kwa kosa, na mkitumia prctl, njia nyingine ya kuweka jina, litakatwa kimyakimya libaki "mfumo-maziwa-mi". Na "mfumo-maziwa-mikopo" je? Nalo litakatwa papo hapo, tutarudi kwenye mapacha. Andikeni "mizani", "mikopo", "malipo", "sms-1", "sms-2", inatosha. Uzi mkuu uacheni na jina lake la sasa, kwa sababu hati yetu (skripti) inayokagua kama programu iko hai hulitafuta jina hilo kwa pgrep, amri ya kutafuta programu kwa jina.

Fundi huyo pia alinishauri tuongeze RAM. RAM ilikuwa tele asubuhi hiyo. Uzi mmoja ndio uliokuwa unazunguka bila kutoka, na hadi leo hakuna anayeweza kuniambia ni upi.

Naomba toleo lenye marekebisho haya litufikie kabla ya malipo ya wakulima ya mwisho wa mwezi, pamoja na jibu la maandishi, si la simu.

Wako mwaminifu,
Msimamizi wa Mitambo ya Kompyuta