Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa: nyumba kwanza, gari baadaye

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam,

YAH: VIJANA WA MIAKA 14 HADI 17 WANAOLALA MITAANI

Tunakusalimu kwa heshima. Kijana anayesombwa kwa gari usiku Kariakoo, Feri au stendi ya Mbezi na kurudishwa mkoani kwao, mara nyingi baada ya wiki chache yupo kwenye baraza lilelile alilokuwa akilala. Tunaomba utaratibu ugeuzwe: nyumba ipatikane kwanza, ndipo aondolewe barazani.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu malezi ya kambo, na zipo familia za kuaminika zinazopokea mtoto kwa muda. Lakini walezi wengi wanaojitokeza wanataka mtoto mdogo. Wa miaka 16, sauti imeshakuwa nzito, hana anayemgombea. Tangazo la jumla halimsaidii. Mabalozi wa nyumba kumi na wenyeviti wa mitaa ndio wanaojua ni fundi gani au mama lishe gani amemaliza kulea wa kwake na chumba cha uani kiko wazi. Kaya tatu zilizokaguliwa mapema zinatosha kuanzia kata moja.

Wiki ya pili na ya tatu ndizo za hatari. Kijana amezoea kushika hela yake kila jioni, ya kubeba mizigo au kuokota chupa. Ghafla mfuko umekauka na geti linafungwa saa moja. Anatoroka, mlezi anasema hana shukrani. (Shukrani haina uhusiano wowote na jambo hili.) Kijana aitembelee nyumba mchana mara mbili kabla ya kuhamia, apewe hela kidogo ya mkononi kila wiki, masharti ya nyumba yasemwe mbele ya afisa ustawi wa jamii, na afisa huyo afike kila wiki kwa miezi mitatu. Msichana aulizwe faragha, mlezi asiwepo: nani anafua, nani anapika, analala chumba kimoja na nani. Wapo wanaopokelewa kama watoto wa nyumba wakageuzwa wafanyakazi wasiolipwa.

Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa usajili, kianze kushughulikiwa wiki ileile ya kwanza anapopokelewa. Aliyezaliwa Singida atahitaji uthibitisho wa kijijini kwao au wa shule aliyosoma, na karatasi hizo hazifiki upesi. Bila cheti, akifika miaka 18 kitambulisho cha taifa cha NIDA kinakwama, na bila NIDA hasajili hata laini ya simu.

Siku hiyo ya miaka 18 pia anaacha kuwa mtoto kisheria. Mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hupita kwenye vikundi, naye kikundi hana. Kwa hiyo ufundi, uwe kwenye chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe au kwenye karakana ya mtaani, uanze akiwa na 16.

Kisha kuna kodi ya chumba. Wenye nyumba wengi jijini hudai miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na anayelipwa kwa siku hana mkupuo. Tunaomba halmashauri zote tano zitenge fungu la kodi hiyo ya kwanza katika bajeti ya ustawi wa jamii.

Wako,
Wahudumu wa vijana wa mitaani, Dar es Salaam