Mnazi wako wa uani

Mbagala, Dar es Salaam
18 Februari

Mama Rehema mpenzi,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, ni joto tu. Nimefurahi mmeshahamia Kigamboni, na nimefurahi zaidi kwamba umeulizia mnazi kabla ya maua.

Ule mlioukuta kiwanjani, tafadhali usimruhusu fundi aukwee na panga eti "kuusafisha". Makuti makavu yanayoning'inia yakatwe, sawa. Mabichi yaacheni hata kama yanaziba dirisha. Kila kwapa la kuti ndimo linamotokea karara, yaani shada la maua, na kole, yaani kichala, likishajaa nazi hulalia kuti hilohilo. Halafu mnazi si mwembe, ukiukata kichwa hauchipui. Una kilele kimoja tu. Kikifa, mti mzima umekwenda.

Kwa hiyo adui wa kwanza wa kumchunga ni chonga, yule mdudu mwenye pembe anayetoboa kilele. Kuti jipya likifunguka ukaliona limekatika pembepembe pande zote mbili, kana kwamba mtu kapitisha mkasi, ujue alishalitafuna likiwa bado limekunjwa ndani. Chungulia kwenye makwapa: penye tundu linalotoa makapi mabichi, yumo. Kijana achukue waya mgumu, aukunje ncha kama ndoana, amvute nje. Kisha mjaze makwapa hayo mchanga uliochanganywa na majivu. Lakini yale magogo ya minazi uliyosema yanaozea kwa jirani ndiyo yananikosesha raha, maana chonga huzaliana humo, na kwenye marundo ya samadi pia. Mwendee jirani kwa upole, yachomwe kabla ya masika.

Wale chungu wekundu wa mitini, maji moto, usiwapulizie dawa! Wanauma, najua, lakini ndio wanaomwinda mdudu anayefyonza vidaka, yaani nazi changa, vikapukutika.

Ukiona nazi za kila umri zinaanguka kwa pamoja, makarara yanakuwa meusi na makuti yanageuka manjano kuanzia ya chini, huo ni ugonjwa usio na dawa, na pwani yetu umeshaimaliza minazi mingi. Waulize TARI Mikocheni, taasisi ya utafiti wa kilimo, wao ndio wenye utafiti wa minazi, ila usichelewe kuukata mnazi huo na kuuchoma.

Sasa miche. Karibu na baraza panda mnazi mfupi mwekundu wa Pemba. Pale kitaluni chagua mche wenye vikonyo vya rangi ya chungwa. Wa kijani uache, si wenyewe. Mfupi huo mwekundu huzaa ukiwa na miaka 3 au 4, na madafu yake matamu. Kwa tui zito la wali, mnazi mrefu wetu haujapata mpinzani, ila utausubiri miaka 6 au zaidi, na uwe mbali na bati na mahali mnapoegesha gari. Ukipanda miwili, iachanishe mita 9.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande, udongo urudishwe na samadi iliyooza vizuri. Mchanga wa Kigamboni haushiki maji, kwa hiyo tandazeni makumbi ya nazi kuzunguka shina, na kiangazi cha kwanza msiache kumwagilia, hasa ule mfupi, unapenda maji kuliko mrefu.

Mashimo yachimbwe sasa. Mvua zikianza nitavuka na pantoni nije na miche, tuipande pamoja.

Wasalimie Rehema na baba yake.

Akupendaye,
Mama Zuberi